Wakikuuliza, Sema Alipigwa

Nyuma ya soko la samaki,
Kismayu.
Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Mpendwa Khale Barke,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Goti lako la kulia vipi? Mdogo wetu Zakiya alinambia umeiacha ile fimbo, kisha Rukia alipofika huku akasema umeiacha kwa ukaidi si kwa kupona. Nani mkweli kati yao? Na sukari unapima, au bado unasema kile kifaa kinakuongopea? Na bomba la jirani, bado linamwaga maji mlangoni kwako? Hapa sisi wazima, alhamdulillahi. Joto limeanza kurudi, samaki wapo, na kila mtu ukimtaja jina lako anakusalimu.

Hapo juu nimeandika "sisi wazima". Kalamu haina kufuta, nimeiacha hivyo hivyo, lakini soma mpaka mwisho ndio utajua uzima wetu ni wa namna gani.

Utashangaa barua. Utasema Fuad huyu asiyetulia hata kula, leo amekaa akaandika karatasi? Khale, nimejaribu kukutumia sauti kwa simu mara kumi na moja. Mara kumi na moja nimefuta. Nikianza tu, naikumbuka sauti yako ile siku ya hospitali, unalia na kuniombea dua kwa pamoja, na mie ulimi unakuwa mzito kama nanga. Karatasi hailii. Ndio nimeikimbilia karatasi.

Kwanza nikushukuru kwa kofia. Rukia ameniletea Jumanne ya wiki iliyopita, imefungwa kwenye leso yako ya manjano, nikainusa kabla sijaifungua. Ameniambia maneno uliyomtuma: "Mpe aliyenirudishia mwanangu." Na ameniambia pia, hukumtuma hilo lakini Rukia unamjua, kwamba kofia hiyo ulianza kuishona kwa ajili ya mwanao Tahir, ya harusi yake siku Mungu akijaalia, ukaamua kunipa mie kwa nilivyomwokoa.

Khale, sijaivaa. Sijaitia hata kichwani kuitazama kwenye kioo. Inakurudia na barua hii, kwa mkono wa Rukia yule yule, ndani ya leso ile ile. Usikasirike kabla hujasoma. Ukishasoma, kasirika utakavyo.

Unayoyajua wewe ni haya: kwamba Tahir alipata homa ya kifua, akaanguka msikitini akitia udhu, nikambeba mgongoni mpaka barabarani, nikasimamisha bajaji kwa kusimama katikati ya njia, nikamfikisha hospitali, na daktari akasema dakika kumi zaidi tungekuwa tunasema mengine. Hayo yote kweli. Nilimbeba kweli. Kiatu kimoja kilibaki njiani na mpaka leo sijakiona.

Ila homa haikuwapo. Tahir alipigwa. Alipigwa kifuani na chuma, na aliyesababisha ni mie.

Sasa nimeliandika. Nimeinuka nikazunguka chumba, nimekunywa maji, nimerudi, bado lipo.

Ilikuwa Jumanne ya tarehe tisa mwezi uliopita, leo mwezi kamili. Ile mashua ya Mzee Mbwana, ambayo Tahir anavulia na mie naitengenezea injini, ilikuwa inaingiza maji. Ikabidi ipandishwe pwani ipigwe kalafati nyufa zizibe, na kupakwa sifa, mafuta ya papa. Ilikuwa bamvua, maji yanajaa sana alfajiri, ndio wakati wa kupandisha. Wewe umezaliwa kisiwani Koyama, hakuna haja nikueleze jinsi chombo kinavyopandishwa. Mwenye chombo anatangaza usiku msikitini, asubuhi wanaume wanakuja, kamba inashikwa, mmoja anaimba wengine wanaitikia, chombo kinapanda juu ya magogo, kisha watu wanakula wali wa mwenye chombo na kahawa.

Lakini mie, Khale, unanijua. Mie naona uzito kwenye mambo hayo. Watu thelathini mpaka wakamilike jua lishapanda. Huyu anasimulia jino lake, huyu kaenda kumwita mwenzake, mwenzake naye hakurudi. Na nilikuwa nimeona kwenye simu jamaa mmoja, nchi gani sijui, anavuta jahazi zima kwa gari moja na makapi mawili. Kapi unalijua, lile gurudumu la kupitishia kamba. Nikatazama video ile mara ishirini. Nikachora kwenye daftari. Hesabu ilikubali. Nikajiona mie mhandisi.

Nikamwambia Tahir, tuwahi. Tukitoka kuswali alfajiri, kabla watu hawajafika, tunaipandisha peke yetu. Mzee Mbwana akija anakuta chombo kiko juu kimeegemezwa kwenye magadi yake, anabaki kinywa wazi. Tahir akacheka, akasema, "Na wali je? Tutakula wali wa nani, sisi watatu na gari?" Hakutaka, Khale. Alikuja kwa kuwa nimemwomba. Ni vile vile alivyokuja Kismayu kwa kuwa nimemwomba.

Wa tatu alikuwa Ahmed mwenye pikapu. Ahmed hana kosa lolote, naomba hilo lijulikane mapema. Alifanya nililomwambia.

Kapi moja lilikuwa langu, zuri. La pili nililitoa kwenye vyuma vya meli kuukuu pale bandarini, zito, la chuma tupu, na kulabu yake ina kutu shingoni. Niliiona kutu ile. Nilikwangua kwa kisu, nikaona chini yake kuna mstari mwembamba kama unywele. Nikasema itashika. Hakuna aliyenilazimisha kusema itashika.

Tukalining'iniza kapi lile kwenye nguzo ya chuma mbele ya chombo, kamba ikapita, ikarudi mpaka kwenye gari. Tahir akasimama ubavuni mwa omo, pua ya chombo, kashika gadi, ule mti wa kuegemeza chombo kisilale. Mie nikasimama katikati, nimuone Tahir na Ahmed anione mie. Nikapunga mkono. Ahmed akatia gia. Chombo kikasogea, Khale! Kikasogea hatua moja, mbili, kama mchezo. Nikapiga kelele za furaha. Kisha kikakwama, omo ikazama mchangani, kamba ikaanza kulia.

Gari ilikuwa inanguruma na vioo vimefungwa. Mie nikampungia Ahmed tena, nikamwambia, "Warya, kanyaga!"

Kulabu ikakatika. Kapi likaruka nyuma, sikuliona likiruka, nilisikia tu. Sauti yake kama mtu aliyepiga gunia la sukari kwa mchi. Kisha nikamwona Tahir amekaa mchangani, miguu mbele, kama mtoto anayesubiri kulishwa.

Nilidhani amekufa. Ahmed ameshuka mbio anasema "Walaal, walaal, ndugu yangu, uko hai?" na Tahir hajibu, macho wazi, mdomo wazi. Halafu akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akanitazama akasema, "Teke la punda wa Lamu hili." Tukacheka sote watatu. Wallahi tulicheka. Tukafungua shati, hakuna damu, hakuna mfupa uliotoka, ila alama moja nyekundu, kushoto ya katikati ya kifua, duara kama kikombe cha kahawa kimewekwa kikaacha doa.

Watu wakaanza kuja. Mzee Mbwana akatazama gari, akatazama kamba, akatazama mchanga ulivyochimbika. Akauliza kuna mtu kaumia? Nikawahi mie: "Hakuna, Mzee, kamba tu imekatika." Nikamtupia Tahir shati lake. Akalivaa. Akafunga vifungo vyote.

Hili linalofuata ndilo linaloniamsha. Chombo kikapandishwa na watu, wachu wanavyosema wazee wa huku, kama siku zote, na Tahir akashika kamba. Angekataa, wangeuliza kwa nini. Alivuta kwa kifua kile. Nilikuwa nyuma yake. Mara tatu nilimwona ameachia mkono mmoja ameubana kifuani, na mara tatu nikatazama pembeni nikaitikia wimbo. Baadaye wali uliletwa na yeye hakula. Mie nilikula.

Usiku nilimkanda kwa maji ya moto na mafuta. Siku ya pili akasema amechoka. Siku ya tatu akipanda ngazi tatu za nyumbani anakaa. Moyo, akasema, unakimbia halafu unasimama kidogo halafu unakimbia. Mie fundi wa injini, Khale. Injini ikinambia hivyo ningeizima hapo hapo nikaifungua. Yeye nilimwambia lala.

Alhamisi tukaenda hospitali. Mzee Mbwana akatufuata na mfuko wa ndizi, akaingia nasi ndani kwa daktari, si unajua wazee wetu, hawabaki nje. Daktari mwenyewe dada kijana, anaitwa Ibtisam, Kiswahili chake kidogo kidogo lakini maswali yake yamenyooka. Akamsikiliza kifua. Akauliza, "Amepigwa na kitu? Ameanguka?"

Tahir akafungua mdomo. Mzee Mbwana amesimama pale na ndizi zake. Nikajibu mie kabla yake. "Hapana daktari. Alilala kwenye upepo, ni homa."

Tahir akanitazama. Akafunga mdomo. Hilo tu. Mpaka leo hajanilaumu kwa hilo. Daktari akaandika dawa za kifua, akasema arudi baada ya siku tano. Na mie nikatoka pale najiona nimepona, mie, kama aliyekuwa mgonjwa.

Jumamosi ndiyo akaanguka kwenye udhu, na hayo mengine unayajua. Usilolijua ni la ndani ya chumba. Midomo yake imekuwa kijivu, mishipa ya shingo imesimama kama kamba. Daktari Ibtisam akaleta ile mashine ya kuonea ndani, kama wanavyowatazamia wenye mimba, akamwekea kifuani. Akaisogeza kidogo kushoto. Akasema kuna damu imezunguka moyo, imejaa kwenye mfuko wake, moyo umebanwa hauna nafasi ya kupiga. Kisha akageuka akaniona.

"Hii haiji kwa upepo," akasema. "Nani alinambia hakupigwa?"

Nikamwambia. Safari hii alikuwa peke yake na wauguzi wawili. Nikaeleza kapi, kulabu, gari, vyote kwa pumzi moja. Hakunipigia kelele, Khale, ningefurahi angenipigia. Alichukua sindano ndefu, akaniambia nitoke au nisimame kimya. Nikasimama. Akaiingiza chini ya mfupa wa kifua polepole huku anatazama mashine, akavuta, ikatoka damu nyeusi nyeusi, bomba la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la tatu Tahir alivuta pumzi kama ile ya pwani, ndefu, midomo ikaanza kurudi rangi. Hapo ndipo nilipokaa sakafuni.

Baadaye alinieleza nje, amevua glavu anakunywa soda. Moyo, alisema, unachubuka kama mkono unavyochubuka, na ngozi isioneshe kitu. Damu inavuja kidogo kidogo, siku hata nyingi. Mtu akilazwa mapema, akatulizwa, akaangaliwa, inaonekana kabla haijambana. "Ningejua Alhamisi," akasema. Hakumaliza, akarudi ndani.

Halafu mie nikachukua simu, nikakupigia wewe. Nilikusudia kusema yote, Mungu shahidi. Nikasema ameanguka. Nikasema nimembeba. Wewe ukaanza kulia na kusema "Mwanangu Fuad, mwanangu Fuad, Mungu akupe na wewe wa kukubeba." Nikanyamaza hapo. Nikaacha maneno yako yaniingie kama maji ya baridi. Na kesho yake ulikuwa umeshawaambia Majengo nzima hapo Mombasa, na Twahira wa duka la unga akanitumia dua kwa sauti, dakika nne, na watu nisiowajua wananiita shujaa. Kila siku niliyonyamaza ikawa inazaa nyingine.

Nakwita khale kwa kuwa u dada wa mama. Lakini mama simkumbuki hata sura, uso niliofungulia macho ni wako. Ulitunyonyesha matiti mamoja mie na Tahir. Miaka mitatu iliyopita nilipokuja kukuomba umwachie tuje huku Kismayu, kwenye bahari ya wazee wetu, wewe hukutaka, ulisema tulitoka huko kwa kukimbia vita, sasa mnarudi kwa kukimbia? Nikashika mkono wako mbele ya mtungi wa maji nikasema nitamrudisha mzima. Nakumbuka nilisema mzima. Sikusema hai.

Wiki iliyopita kofia ilipokuja nikashindwa. Nikamfuata Mzee Mbwana nyumbani kwake, nikamweleza. Alikuwa anasuka kamba, hakuacha kusuka. Nilipomaliza akasema, "Chombo huvutwa na wachu, mwanangu, kwa kuwa wachu husikia. Kwenye kamba hata mtoto akisema basi, wote huachia, hakuna wa kumuuliza kwa nini. Gari yako nani angeiambia basi?"

Nikatazama kamba mikononi mwake. Akasema, "Au alisema?"

Khale, alisema. Hapo juu nilipokuandikia nimeliruka, nikasema gari inanguruma na vioo vimefungwa, kama kwamba hilo ndilo sababu. Ni kweli Ahmed hakusikia. Mie nilisikia. Chombo kilipokwama Tahir aliita, "Fuad, basi! Basi!" Nilimsikia vizuri kama ninavyoisikia feni hii. Nikapunga mkono. Nilitaka kipande tu, kabla Mzee hajafika.

Mzee Mbwana akaniuliza swali moja la mwisho. "Barke anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi hujanambia kitu," akaendelea kusuka. Nimekaa pale mpaka adhana, hakunitazama tena. Juzi amepandisha mashua ya mwanawe, msikitini imetangazwa, na mie nikaenda. Hakuna aliyenifukuza. Ila nilipoinama kushika kamba, yule niliyekuwa nyuma yake akaiachia akaenda kusimama mbele zaidi. Nikaenda jikoni kuwasaidia wanawake kupepeta mchele. Wakanicheka, "Leo injini imeharibika nini, Fuad?" Nikapepeta.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha kuandika, maana aibu peke yake ningeweza kukaa nayo, nimeshaizoea.

Tahir anatembea, anakula, amenenepa kidogo usoni. Lakini Daktari Ibtisam alipompima mara ya mwisho amesikia sauti asiyoipenda. Anasema huenda mlango mmoja wa moyo umelegea kwa lile pigo, damu inarudi nyuma kidogo. Mashine yake ndogo haioneshi vizuri. Anataka atazamwe Mombasa, kwa mashine kubwa, na daktari wa moyo hasa. Ameandika karatasi. Tahir anakuja kwako Jumatano, inshallah. Usimtume kubeba maji. Usimtume hata dukani kwa Twahira, kile kilima.

Na Tahir, Khale, amepanga kukuongopea. Kwa ajili yangu. Jana usiku amenambia, karatasi ya daktari ataiweka kwenye begi chini, na huko hospitali mama akiwa amekaa pale atasema ni ile homa. Nikamwambia umerukwa na akili? Akasema, "Mama akijua hatakufungulia mlango. Wewe una mlango gani mwingine?" Alisema hivyo huku anavua ganda la chungwa, kama anazungumzia mpira. Mtu niliyemvunja kifua anaulinda mlango wangu.

Kwa hiyo barua hii lazima ifike kabla yake. Rukia anaondoka kesho. Nimemwambia asimkabidhi Zakiya, akupe mkononi, na akusomee pale ambapo mwandiko wangu umekwenda mbio.

Daktari wa Mombasa atauliza kama alivyouliza yule wa huku. Wote huuliza hivyo. Atasema, mama, kijana alipigwa na kitu? Na Tahir atafungua mdomo aseme homa. Wewe, Khale, mwahi. Mimi nilimwahi kumuua, wewe mwahi kumponya. Sema ndiyo, alipigwa. Kapi la chuma, kifuani, kushoto ya katikati, alfajiri ya tarehe tisa Septemba. Alivuta kamba nzito muda mfupi baadaye. Siku ya tano damu ikajaa kwenye mfuko wa moyo, wakaitoa kwa sindano, mabomba matatu. Wakiuliza nani kafanya, usinifiche, taja jina langu mpaka la babu. Ukiona aibu kunitaja, hiyo aibu ni yangu, niachie, usiibebe na goti lako hilo.

Ukinipigia usipige kwa simu ya Tahir. Na ukiona huwezi kunipigia nitajua, sitauliza. Sikuombi unifungulie mlango. Naomba radhi yako tu, na hiyo nayo sikuharakishi, nimekoma kuharakisha watu. Kofia mpe mwenyewe. Vichwa vyetu ni kipimo kimoja lakini wewe uliishona ukimfikiria yeye.

Nisalimie Zakiya, mwambie mtihani asiuogope. Nisalimie Twahira na umwambie dua yake ya dakika nne aigeuze imfuate Tahir, haijaharibika. Nisalimie mama yake Rukia, na watoto wa jirani wa bomba. Mwenyezi Mungu akutie afya, akuteremshie subira kabla hujafika ukurasa wa mwisho, na amlaze Tahir kila usiku na amwamshe kila alfajiri mikononi mwako.

Ni mie nikupendaye, uliyemnyonyesha, nisiye na uso wa kukutazama,

Fuad

Khale, nilikuwa nimeshaifunga bahasha nikaifungua. Nimeona nimeandika "kapi la chuma" bila uzito, na daktari atataka kujua. Nimekwenda kulichukua, lilikuwa bado kwenye karakana yangu chini ya gunia, sikuwahi kuligusa tangu siku ile. Nimelipeleka sokoni kwenye mizani ya wauza samaki. Wameniuliza napima nini, nikawaambia, wote, kwa sauti. Kilo nne na robo. Usiwaambie kama nne, Khale. Sema nne na robo.